Mboga Aliyoisema Nesi

Mimi ni mtu wa vitunguu na nyanya. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo ukiona mahali nimeandika vibaya, pita tu. Mali niliyonayo sikuachiwa na mtu. Nilianza kwa kubeba magunia Ruaha Mbuyuni, nikawauzia abiria vitunguu madirishani mwa mabasi, nikahamia Mbeya, nikajenga stoo, leo malori yanashusha kwangu. Nasema haya ili ujue anayekueleza habari za mboga hapa hakuzisikia redioni. Nimekaa na mboga maisha yangu yote, na neno hilohilo la mboga nusura linizike.

Kwetu wanaume hawaugui, wanaanguka. Baba yangu alianguka shambani Idodi, jembe liko mkononi. Watu wakasema ametupiwa kitu. Kaka yangu alianguka asubuhi kwenye mfereji wa vitunguu, wakamkuta maji yanapita juu ya miguu yake kama yanavyopita juu ya mawe. Mganga akamtaja jirani, jirani akahama, na kaka hakufufuka. Hakuna aliyewahi kuwapima chochote. Mimi nilipovuka umri wa baba, halafu nikavuka wa kaka, nilidhani nimewahepa.

Ilianza msimu wa vitunguu, kabla baridi haijaingia. Kutoka getini mpaka stoo ni hatua chache tu, lakini nikawa nafika pumzi imeniishia, nasimama najifanya nakagua magunia. Nikasema ni vumbi. Halafu viatu vikanikataa. Jioni mguu ulikuwa hauingii, na nikibonyeza hapa mbele, kuanzia goti kushuka chini, kidole kinaacha shimo, kama ukibonyeza tofali bichi. Shimo linakaa linakutazama.

Mke wangu, Mama Festo, alikuwa ananichota maji ya moto ya kuoga. Akaweka ndoo chini.

"Baba Festo, miguu hiyo si yako."

"Ya nani sasa?"

"Sijui. Ila siyo niliyoolewa nayo. Kesho unaenda hospitali."

Nikamwambia mimi siendi hospitali kwa ajili ya viatu. Akanyamaza. Mama Festo ni Mnyakyusa, na Mnyakyusa akinyamaza ujue ameshaamua. Asubuhi nilikuta shati la kutokea limepigwa pasi, bodaboda yuko mlangoni.

Kliniki ya moyo na presha ni benchi. Wanaoandika habari za magonjwa wanasema sana juu ya sindano, mimi nitakwambia juu ya benchi, maana ndipo utakapokaa. Ni la mbao, limeng'aa kwa makalio ya watu. Mnakaa kwa mpangilio wa kufika, mnasogea mmojammoja, na lile joto la aliyetoka unalirithi. Nesi anatoka na kadi mkononi, anaita jina. Mtu anaitika, anainuka polepole, anaingia. Lakini kuna siku jina linaitwa na hakuna anayeitika. Nesi analiita tena, sauti imeshuka kidogo. Kisha anaipeleka ile kadi chini ya nyingine. Benchi zima tunaangalia viatu vyetu. Hakuna anayeuliza.

Nesi wetu alikuwa binti wa Tanga, amehamishiwa kwetu karibuni, bado anatetemeka na baridi ya Mbeya, sweta juu ya sare. Mpole, maneno yake yamenyooka. Alinipima, akanipima tena mkono wa pili, akanipeleka kwa daktari, nikarudi na dawa. Ndipo akanikalisha.

"Baba'angu, moyo wako umechoka, lakini tunaweza kuusaidia. Dawa usiruke. Chumvi punguza. Mafuta acha. Ugali usiwe mlima. Kula mboga kwa wingi, na matunda."

"Mboga kwa wingi?"

"Kwa wingi, baba. Kila mlo."

Nilitoka pale nimefurahi. Sasa msomaji wa pwani atashangaa, wa bara atakuwa ameshanielewa. Kwetu sisi mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Mtoto akimuuliza mama yake "leo mboga nini?" na mama akajibu "nyama", mtoto anaruka kwa furaha. Maharage ni mboga. Samaki ni mboga. Maziwa ya mgando ni mboga. Majani nayo ni mboga, sikatai, ila ni mboga ya siku ambayo huna mboga. Kwa hiyo mtu akiambiwa apunguze ugali na aongeze mboga, anaambiwa ale kama tajiri. Nikaona hospitali si mbaya kama nilivyodhani.

Mama Festo alinisubiri kibarazani. "Wamesemaje?"

"Wamesema umenilisha ugali mwingi na mboga kidogo."

Alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu miguu ivimbe. Siku hiyohiyo akatuma mtu buchani.

Basi tukafuata masharti. Nataka uelewe kwamba tuliyafuata, maana watu wa hospitali wanapenda kusema wazee ni wakaidi. Mafuta niliacha kabisa. Chupa ya mafuta ya kupikia ilitolewa jikoni. Nyama nikala chukuchuku, imechemshwa tu. Asubuhi supu ya kongoro, imelala mpaka imeganda, inapashwa moto. Mchana mbavu. Jioni utumbo au mkia. Ugali ukawa mdogo kama ngumi ya mtoto, sahani yote iliyobaki ni mboga. Chumvi tulipunguza, lakini supu isiyo na chumvi ni maji ya kusuuzia sufuria, kwa hiyo hatukupunguza sana.

Matunda yalinishinda. Kwetu matunda ni ya watoto na ya wagonjwa. Ukiona mtu mzima anapelekewa machungwa, ujue amelazwa. Mwanangu Festo, dereva wa lori, alipita Tukuyu akaniletea maparachichi na ndizi mbivu. Nikamwambia agawe kwa watoto wa jirani, mimi bado natembea. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa matunda. Alikula supu na mimi, akaisifia.

Kipupwe kikaingia. Mbeya mwezi wa saba si mchezo, asubuhi majani ya viazi mashambani yana weupe wa baridi. Na mimi nikawa nazidi kuoza nikiwa hai. Uvimbe ukapanda kutoka miguuni ukafika magotini. Tumbo likajaa. Nikawa nalala nimekaa, mito mgongoni, kwa sababu nikijinyoosha naona kama mtu ananikalia kifuani. Kifundo cha mkono kilibaki mfupa huku miguu imekuwa minara. Sauti yangu, ambayo sokoni ilikuwa inajulikana kuliko sura yangu, ikawa ya kunong'ona. Vijana wa stoo wakaanza kuulizana mambo wao kwa wao nikiwa nimekaa palepale.

Mama Festo naye akaongeza mboga. Kadiri nilivyodhoofika ndivyo alivyonunua nyama nzuri zaidi. Nilikuwa namwona jikoni kupitia mlango, anaonja mchuzi, anatikisa kichwa, anaongeza moto. Nikishindwa kula anabembeleza. "Kula, mume wangu. Nesi alisema kwa wingi."

Siku niliyopiga magoti ilikuwa mchana, jua kali la baridi, watu wamejaa stoo. Sikuanguka, naomba ieleweke. Nilishika gunia, nikashuka nalo taratibu mpaka magoti yakafika chini. Nikawasikia wakiita jina langu kwa mbali kama watu walio ng'ambo ya mto.

Walinilaza. Wodini walinipa dawa ya kunikojolesha, nikakojoa mpaka nikaona aibu. Mama mfanya usafi, simjui hata jina, alinisogezea kitanda kidogo kila asubuhi ili jua la dirishani linifikie miguuni, halafu akimaliza kudeki anakirudisha. Hakuambiwa na mtu. Wema kama huo unauandika kwa sababu huna cha kuulipia.

Daktari alisimama miguuni kwangu.

"Mzee, unafuata masharti?"

"Nafuata."

"Mboga unakula?"

"Kila mlo."

Akanitazama, akatazama miguu yangu, akatikisa kichwa, akaongeza dawa. Kisha akamwita Festo nje. Festo ni mtu mkubwa, shati lake linabana tumboni, anaendesha lori kutoka Tunduma mpaka Dar bila kuogopa mlima wala usiku. Aliporudi alikuwa anaangalia ukuta.

"Amesemaje?"

"Amesema utapona, baba."

"Festo. Nimekuuliza amesemaje."

Akavuta kiti akakaa. "Amesema masharti unayafuata na dawa unakunywa, lakini moyo hausikii. Amesema tujiandae kwa lolote."

Ndugu wakaanza kufika, wa Iringa, wa Idodi, watu ambao hawajanitembelea tangu nihamie Mbeya. Kila mmoja na machungwa yake. Kabatini yalijaa, yakapangwa dirishani, yakapangwa chini ya kitanda. Nililala pale nikinusa machungwa, nikijua maana yake.

Nilitoka wodini mvua za kwanza zikiwa zimeanza, nimepungua maji, nimepungua na mwili, suruali imefungwa kwa kamba. Kliniki iliyofuata nikarudi kwenye benchi.

Pale benchini nilikuwa na mtani wangu, mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Uyole, mkulima wa viazi. Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa, na sisi tunawajibu tunavyoweza. Ambakisye alikuwa amevimba kama mimi, anapumua kama mimi, lakini mdomo wake haukuvimba.

"Kamwene, mzee wa Iringa," akanisalimia kwa Kihehe chake cha kuokota. "Umerudi. Tulishaanza kuchanga. Jana umekula mboga gani, ile inayobweka?"

Benchi likacheka. Nikamwambia, "Nimekula ya ng'ombe. Inayobweka tumewaachia wakwe zetu, na wakwe zetu ni ninyi."

"Mimi nafuata masharti," akasema, anajipigapiga tumbo. "Mboga kwa wingi. Jana peke yangu nimemaliza kitimoto ya watu watatu, chukuchuku, bila tone la mafuta."

Yule binti wa Tanga alikuwa anapita na kadi. Akasimama.

"Baba, umesema umekula nini?"

"Mboga, mwanangu. Kama ulivyosema."

"Nguruwe ndiyo mboga?"

"Kwani kwenu ni nini?"

"Kwetu huyo si kitu kabisa," akasema, na watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. "Na nyama ya ng'ombe? Mnaiita mboga?"

"Sasa tuiite nini?" nikamuuliza.

"Kitoweo. Nyama ni kitoweo. Mboga ni mchicha, baba'angu. Ni matembele, ni kisamvu. Majani." Akaniangalia mimi, akaangalia miguu yangu, na niliona uso wake unavyobadilika. "Wewe ulikuwa unakula nini nyumbani?"

Nikamwambia. Supu ya kongoro, mbavu, mkia. Nikamwambia kila mlo.

Akakaa benchini kati yetu, kadi mapajani. Akamuuliza mama aliyefuata, "Na wewe mama?" Mama akasema samaki wa kukaanga. Akamuuliza babu wa pembeni. Babu akasema utumbo. Wengine walisema majani, hasa akina mama, lakini si wote.

"Nimewaambia watu wengi," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Tangu nimefika hapa nawaambia."

Hakuna aliyecheka tena. Alipoinuka kuendelea na kazi, jina la kwanza aliloita halikuitikiwa. Akaliita tena. Sijui wengine, ila mimi nilijua kila mtu pale anafikiria kitu kimoja: huyu alikuwa anakula mboga gani?

Simlaumu yule binti. Alisema Kiswahili, nami nikasikia Kiswahili. Mtu mmoja akisema neno na mwingine akalisikia kwa tumbo la kwao, hakuna aliyedanganya.

Nyumbani nilimkuta Mama Festo anasafisha kongoro. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Kisha akakaa juu ya kibao cha jikoni, akajifuta mikono kwenye khanga, polepole, kidole kimojakimoja.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nakuua."

"Hapana."

"Nilikuwa nakubembeleza ule."

"Ni neno, Mama Festo. Neno limetupotosha wote."

"Neno halipiki," akasema.

Na kesho yake hakukimbilia kunipikia majani, kama unavyodhani. Alikataa. Alisema dada zangu wakija kutoka Iringa wakikuta ananiwekea mchicha mtupu, watasema ameninyima, anataka nife arithi stoo. Tuligombana kwa mara ya kwanza tangu tuzeeke. Mwanamke wa kwetu anapimwa kwa mboga anayomwekea mumewe, na majani si kipimo kizuri. Ilibidi niwaite dada zangu kwa simu, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba mimi ndiye ninayetaka majani, na atakayemsema mke wangu atanikuta mimi. Mmoja akaniuliza kama akili bado ziko sawa.

Mwezi wa kwanza wa majani ni adhabu. Nilikuwa natafuna majani ya chainizi nikijiona mbuzi. Nyama nilipunguziwa ikawa kipande kidogo siku mojamoja, kuku bila ngozi, samaki wa kuchemsha, na maharage. Kongoro likafa. Kilichoniokoa ni majani ya mnafu. Mnafu una uchungu, lakini ukiupika kwa nyanya nyingi na karanga za kutwanga, ukakamulia ndimu badala ya chumvi, ulimi unadanganyika. Majani ya maboga nayo, tunayoyaita mateke, yametolewa nyuzi. Na nyanya. Mimi niliyezipakia kwenye malori ujana wangu wote sikuwa nimekaa chini nikala nyanya mbichi kwa raha zangu. Kwetu wafanyabiashara mzigo hauliwi, mzigo unaenda. Papai nikala asubuhi, parachichi nikala na ugali, tena siku hizi nakula barabarani, watu wakiona wanione. Wakitaka kusema mzee amelazwa, waseme.

Na dawa. Hapa nisikilize vizuri, maana kuna watu wanauza juisi na kukwambia utupe vidonge. Usitupe. Mboga na dawa ni ng'ombe wawili wa plau moja. Ukimfungua mmoja, plau inazunguka palepale. Na kama figo zako zina shida, uliza kwanza, kuna matunda na majani wanakukataza. Uliza, halafu sema kwa sauti ulichokisikia, mpaka yule anayekwambia akubali kwamba mmeelewana.

Kufikia wakati wa kupalilia mahindi, uvimbe ulikuwa umeshuka mpaka vifundoni. Siku moja kiatu kikaingia. Mama Festo alikuwa anafagia, akaona, akaendelea kufagia, lakini pale mbele ya miguu yangu alifagia mara nyingi kuliko palivyohitaji.

Ambakisye nilimsihi. Nilienda mpaka kwake Uyole. Alinipokea vizuri, akanichekea, akaniwekea sahani iliyojaa, nyama tupu. Akasema, "Mtani, mboga yangu nimeila tangu nina meno. Nikiiacha sasa, huyo atakayepona atakuwa nani?" Kliniki iliyofuata yule binti alitoka na kadi, akaita jina lake. Mimi ndiye niliyeitikia. Nilisema, "Hayupo, mwanangu, usiliite tena."

Sasa yule binti hamwambii mtu neno mboga. Anakuja na fungu la mchicha kutoka sokoni, analiinua juu mbele ya benchi, anasema, "Hii." Basi.

Daktari ameniambia ukweli na nilimtaka auseme: moyo wangu haurudi ulivyokuwa. Umeshikizwa. Kuna siku naamka nasikiliza kifua kama mtu anayesikiliza kama mvua imeacha. Nimewahi, ndicho ninachoweza kusema, na walio wengi kwetu hawakuwahi.

Wiki iliyopita Festo alirudi kutoka safari. Nilikuwa kibarazani. Ngazi zetu ni nne tu za saruji. Nilimsikia anapanda, na alipofika juu alisimama, akashika nguzo, akajifanya anaangalia tairi za lori.

"Vumbi la Makambako, baba," akasema.

Mama yake alikuwa amempikia nyama, kama anavyompikia akirudi, na mimi mnafu wangu. Nikamwambia Mama Festo aiondoe ile nyama mezani, aweke bakuli moja tu. Festo akacheka.

"Baba, mimi siumwi."

"Vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, Festo."

Akavua. Soksi zilikuwa zimemwachia alama, mfereji mwekundu umezunguka mguu mzima, na nyama imefura juu yake na chini yake. Mama yake aliona. Festo naye alitazama, kama anauona mguu wa mtu mwingine. Nikamwambia kesho tunaenda wote benchini, na lori litasubiri. Akasogeza kiti, akamega ugali, akachovya kwenye mnafu, akatafuna muda mrefu.

Halafu akanyoosha mkono, akamwomba mama yake chumvi. Ilikuwa karibu na mkono wake mama. Hakuisogeza.